Bwawa Lisilo na Ngazi

Nahodha alivaa hereni, akazivua, akazivaa tena. Akajitazama kwenye kioo kirefu cha ukumbi wa mapokezi, akajiambia kwa sauti ya chini, "Huyu ni mteja tu. Mteja kama wateja wengine."

Uongo mtupu, na mwenyewe alijua.

Jina la Nahodha alipewa na wenzake kazini. Kampuni yao ndogo ilipanga safari za watu ambao kampuni nyingine huwakwepa: wasioona, wasiosikia, wanaotembelea magongo, wazee wenye viungo vilivyokaza, na wenye viti vya magurudumu kama yeye mwenyewe. Hakuna mteja aliyepelekwa mahali kabla Nahodha hajapakagua kwa macho yake. Mwenye hoteli akimwambia kwenye simu, "Huku kwetu hakuna ngazi kabisa, dada, ni kangazi kamoja tu pale mlangoni," yeye alijibu, "Basi nisalimie hako kangazi, na ukaambie nakuja kukaona." Walicheka pamoja, na kabla simu haijakatwa fundi alikuwa ameshaitwa.

Hoteli hii ya chemchemi aliipenda kuliko zote. Ilikaa chini ya kilima chenye miti myembamba, na maji ya moto yalitoka ardhini yakifuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa. Bwawa lake halikuwa na ngazi hata moja. Sakafu ilishuka polepole kutoka ukingoni hadi kwenye kina, pembeni pakiwa na chuma cha kushikilia na viti vyepesi vya magurudumu vya kuingia navyo majini. Milango ilikuwa mipana. Swichi za taa zilikuwa mahali ambapo mkono wa mtu aliyeketi unafika.

Ndiyo maana siku Bi Mkubwa alipopiga simu ofisini kwao, akasema, "Natafuta mahali ambapo mtu mzima anaweza kuoga maji ya moto bila kuvunjika nyonga ya pili," Nahodha hakuhitaji kufikiri.

"Mahali papo, Mama. Nikuite nani?"

"Niite Bi Mkubwa. Kila mtu ananiita hivyo, hata mwenye duka."

Wakaanza hivyo. Mwanzoni waliongea habari za vitanda na bafu, baadaye wakaongea habari za kila kitu. Bi Mkubwa alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, mpaka alipostaafu. Halafu akaanguka mlangoni kwake mwenyewe, akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga, lakini tangu hapo hakuwahi kutoka nje ya geti lake.

"Naona haya, binti yangu," alisema siku moja. "Mitaa yote hii nimefundisha watoto wao. Leo wanione nachechemea kama bata?"

"Bata anachechemea na bado anakwenda kuogelea, Mama."

Bi Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Toka siku ile akawa anapiga simu hata bila sababu.

Kisha ikaja ile simu ya tatu au ya nne ya wiki hiyo.

"Wewe umeolewa?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Bado, Mama."

"Bado? Na sauti hiyo? Wanaume wa huko wana pamba masikioni?" Akashusha pumzi. "Mimi nina mwanangu, daktari wa mifugo, mtoto mpole. Ningekupa wewe leo leo. Lakini ameshikwa akili na msichana mmoja wa kiti cha magurudumu. Nimemwambia sitaki hata kumwona. Mimi mwenyewe sijiwezi, yeye aniletee mwingine wa kusukumwa? Nani atampikia nani humo ndani?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Daktari wa mifugo, mtoto mpole. Hakukuwa na haja ya kuuliza jina.

Alikuwa ndiye yule yule aliyemtibu paka wake sikio, akamwambia siku ya kwanza, "Huyu paka wako ana kiburi utadhani yeye ndiye anayelipa kodi." Ndiye aliyekuwa akija kila Jumapili kumwona "mgonjwa," hata baada ya sikio kupona na paka kunenepa. Ndiye aliyekuja Jumapili moja macho mekundu, akasema, "Mama amekataa." Nahodha hakulia mbele yake. Alimwambia, "Mimi siingii nyumba ya mtu kwa dirishani. Mpaka mama yako anifungulie mlango kwa mkono wake, tusionane." Daktari aliomba, akabembeleza, akakaa kwenye kochi akidai haondoki. Mwishowe aliondoka, akayafikisha maneno hayo kwa mama yake. Jumbe zake Nahodha alizisoma zote, usiku na mchana, wala hakujibu hata moja.

Na sasa mama mwenyewe alikuwa kwenye simu, akimsifia sauti.

"Hii safari mpe mtu mwingine," shoga yake wa ofisini alimshauri. "Utajiumiza bure."

"Nikimpa mwingine atasahau kitanda," Nahodha alijibu. "Yule mama anaogopa kitanda kirefu. Anasema akishuka vibaya ataanguka tena." Akapiga moyo konde. "Nitamhudumia mpaka mwisho. Akifika, nitamwambia mimi ni nani kabla hajaketi. Baada ya hapo na liwe litakalokuwa."

Sasa siku yenyewe ilikuwa imefika, na gari lilikuwa limekata kona kuingia hotelini.

Aliyeshuka kwanza ni dereva. Nahodha hakuwa amejiandaa kwa hilo. Bi Mkubwa alikuwa amesema ataletwa na gari la kukodi, kumbe ni mwanawe. Daktari alizunguka upande wa pili, akamfungulia mama yake mlango, akainua macho kutazama mlango wa mapokezi, na hapo macho yao yakakutana.

Alisimama pale pale. Mkoba wa mama yake ulimponyoka ukaanguka chini, dawa na vitana vikatawanyika. Alikuwa amepungua mwili. Ndevu hakuzichonga vizuri upande mmoja. Nahodha alihisi moyo wake unampiga kama unabisha hodi kutoka ndani.

"Wewe mtoto, mbona unamwaga vitu vyangu?" Bi Mkubwa alifoka huku akijivuta na mkongojo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye miwani mikubwa na gauni la maua lililopigwa pasi hadi likasimama. Akaangaza huku na huku. "Binti yangu wa simu yuko wapi? Alisema atanipokea mwenyewe."

Nahodha akasukuma magurudumu yake mbele.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, marah..." Uso wa Bi Mkubwa ulichanua. Sauti ile aliijua kama anavyoijua ya mwanawe. Alinyoosha mkono kumshika mashavu, kisha macho yakashuka kwenye kiti. Mkono ukabaki hewani.

"Hukuniambia," alisema taratibu.

"Sikukuambia. Na kuna jingine sikukuambia, nalo nilitaka ulisikie kwangu mwenyewe kabla hujaketi." Nahodha alimtazama usoni. "Mimi ndiye yule msichana wa mwanao."

Mahali fulani nyuma ya jengo maji yalikuwa yakibubujika. Bi Mkubwa akageuka kumtazama mwanawe.

"Na wewe ulijua?"

"Haki ya Mungu, Mama, najua sasa hivi na wewe," alisema Daktari, amechuchumaa akiokota vitana.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa naongea, na wewe ukinicheka!"

"Sijakucheka hata siku moja," Nahodha alisema. Hakuinamisha uso. "Siku uliyonisimulia ulivyoanguka, nililia nikaziba simu kwa mkono usinisikie. Siku uliyonisema mimi, niliumia, nikaenda kupima kitanda chako hivyo hivyo. Ukitaka mtu mwingine akuhudumie, yupo. Chumba chako kiko tayari."

"Nionyesheni chumba," Bi Mkubwa alisema, bila kumwangalia mtu. "Kesho asubuhi narudi kwangu."

Akaenda, mkongojo ukigonga sakafu kama rula ya mwalimu mezani.

Walibaki wawili kwenye bustani, chini ya dirisha la chumba kile, kila mmoja akiogopa kuanza.

"Umependeza," alisema Daktari.

"Wewe umekonda."

"Ninajua. Hata ng'ombe wananitazama kwa huruma siku hizi." Akaketi kwenye ukuta mfupi ili macho yao yawe sawa, kama alivyozoea. "Mbona hukujibu hata ujumbe mmoja?"

"Ningejibu mmoja, ningejibu yote. Ningekuwa nimekuja kwako na nguo za kulalia."

"Ungekuja!"

"Nije niishi vipi? Kila nikiingia, mama yako anatoka? Mimi nimesukumwa pembeni na watu wengi, Daktari, siwezi kusukumwa pembeni na mtu ninayempenda kwenye simu." Akajifuta jicho kwa haraka. "Ndiyo, nampenda. Ananichekesha. Anasema wanaume wa kwetu wana pamba masikioni."

Daktari alicheka licha ya huzuni yake. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya mkono wake uliokuwa kwenye gurudumu. Nahodha hakuuondoa. Kidole kimoja cha Daktari kilikuwa na kovu jipya.

"Mbuzi?" aliuliza.

"Mbuzi."

Ghafla, kutoka dirisha la bafu, pamoja na sauti ya maji yanayomwagika, palikuwa panatoka wimbo. Sauti ya mtu mzima, nzito kidogo, ikiimba wimbo wa watoto wa kuhesabu, ule wa kupiga makofi. Ilifika katikati, ikasahau maneno, ikaanza upya kwa nguvu zaidi.

Daktari alisimama.

"Mama anaimba," alinong'ona. "Unasikia? Tangu aanguke sijamsikia akiimba. Nilidhani sauti imekwenda na nyonga."

Walikaa wakisikiliza mpaka maji yakafungwa.

Bi Mkubwa alipotoka, nywele zilikuwa bado mbichi na miwani imeingia ukungu. Alikuja kwenye njia laini ya bustani bila kutazama chini, akasimama mbele ya Nahodha.

"Nani aliwaambia washushe kitanda changu?"

"Mimi, Mama."

"Na kile kiti cha bafuni? Na vile vyuma ukutani?"

"Vyuma vilikuwepo. Kiti nilikijaribu mwenyewe jana. Cha kwanza kilikuwa kinateleza, nikawarudishia."

Bi Mkubwa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, ingawa pindo nalo lilikuwa limeloa.

"Nimefunga mlango," alisema.

Hawakumwelewa.

"Nimeoga nikiwa nimefunga mlango. Mnajua tangu lini sijafunga mlango wa bafu? Nyumbani lazima uwe wazi, msichana wa kazi asimame hapo na taulo, aninyanyue kama gunia. Leo nimefunga kwa ufunguo. Nimekaa humo nikaoga mpaka vidole vimekunjamana, hakuna aliyeniuliza kama nimemaliza." Sauti ilimkatika. Akaikaripia irudi. "Haya. Wewe. Unapika?"

Nahodha alishtuka. "Napika, Mama. Jiko langu liko chini kidogo. Wageni warefu ndio wanaotoka na maumivu ya mgongo."

"Unafua?"

"Mashine inafua. Mwanao alikuwa akija kuanika. Kukunja hajui."

"Hajui tangu utotoni. Anafinyanga." Bi Mkubwa alimtupia mwanawe jicho, kisha akamrudia Nahodha. "Na huyo paka ninayesikia habari zake kila siku kwa mwanangu, yeye atakuwa wapi?"

"Yeye ndiye mwenye nyumba, Mama."

Pembe ya mdomo wa Bi Mkubwa ilitikisika. Aligeuka upande ili wasione, lakini waliona.

"Nipelekeni nikaone hilo bwawa," alisema. "Nimekuja kuoga, sikuja kuhojiana na watu."

Jua lilikuwa limepanda vizuri. Mvuke ulipaa juu ya maji, na ndani yake vichwa vya wageni vilionekana na kupotea. Mzee mmoja asiyeona alikuwa akifuata chuma kwa mkono huku mkewe akimweleza rangi ya kilima. Mlinzi wa bwawa, mama mnene mwenye filimbi shingoni ambaye wote walimwita Kiboko kwa jinsi alivyojua kuogelea, aliwaletea viti viwili vya majini.

Bi Mkubwa alikitazama kile kilichowekwa mbele yake kana kwamba kimemtukana.

"Na mimi nikae humo?"

"Si lazima, Mama," alisema Nahodha. "Unaweza kushika chuma ukatembea polepole. Wengi wanafanya hivyo."

Bi Mkubwa alikwenda hadi kwenye chuma. Alishika, akaweka mguu mmoja kwenye sakafu yenye maji, akautoa. Akauweka tena. Nyonga yake ilimkumbusha ule mlango wa nyumbani. Akarudi nyuma. Daktari alitaka kumkimbilia. Nahodha akamshika mkono kumzuia.

Bi Mkubwa alisikiliza watu wakicheka ndani ya mvuke.

"Mtu anajisikiaje akikaa humo?" aliuliza, mgongo bado umewaelekea.

Nahodha alisogea karibu naye.

"Siku ya kwanza unaona kila mtu anakutazama," alisema. "Halafu unaanza kutazama unakokwenda."

Akajihamisha kwenye kiti chake cha majini kwa mikono yake miwili, kwa wepesi wa mtu anayebadilisha kochi, akakisogeza kando ya kile kingine, akangoja. Bi Mkubwa alimpa mwanawe mkongojo. Akajishusha kwenye kiti, taratibu, akishikilia bega la Nahodha.

"Ukiniangusha, Kiboko, nitakuchapa," alisema.

"Sijawahi kuangusha mwalimu," Kiboko akajibu, akasukuma.

Maji yaliwapokea miguuni, magotini, kiunoni. Yalipofika kifuani, kiti kilibaki chini na Bi Mkubwa akapanda juu mwenyewe, gauni lake la kuogea likimzunguka kama mwavuli. Alitoa ukelele, wote wakageuka.

"Sina uzito!" alipiga kelele. "Jamani! Nimekuwa bua! Nyonga iko wapi? Siisikii!"

"Ipo, Mama, imepumzika," Nahodha alisema, akielea karibu naye, akicheka na kulia kwa pamoja.

Bi Mkubwa alipiga maji kwa viganja kama mtoto wa darasa lake. Alipochoka alishika mkono wa Nahodha ili asisombwe, akaendelea kuushika hata alipotulia.

"Yale niliyokuambia kwenye simu," alianza.

"Yamepita, Mama."

"Hayajapita, nyamaza nimalize. Niliogopa. Nilikuwa nikijiona mzigo, nikasema mwanangu atabeba miwili. Sikukujua wewe. Nilikuwa najua kiti tu." Akamkazia mkono. "Wewe si mzigo wa mtu. Kwanza mzigo ni yule pale, amesimama ukingoni na viatu."

Wote wawili walimtazama Daktari. Alikuwa amekumbatia mkongojo wa mama yake kifuani, machozi yakimtiririka waziwazi.

"Unalia nini na maji yamejaa huku?" mama yake alimpigia kelele. "Mlango si nimeshaufungua? Ingia!"

Alitupa mkongojo kwenye nyasi. Alivua kiatu kimoja, cha pili akakisahau. Alishuka ule mteremko na shati lake na suruali yake ya kazi, maji yakimrukia usoni, Kiboko akipuliza filimbi kwa hasira kwamba huku hakukimbiwi. Alipofika aliishiwa maneno yote aliyokuwa ameyapanga kwa wiki nyingi. Mvuke ulikuwa kati yao. Nahodha aliutawanya kwa mkono ili amwone vizuri.

"Nimekuja bila pete," alisema Daktari.

"Na kiatu kimoja," alisema Nahodha.

"Na kiatu kimoja. Utanioa?"

"Nikuoe mimi?"

"Unioe, nikuoe, tuoane, lolote utakalo. Usinirudishe tu kwa ng'ombe nilivyo."

Nahodha alimshika uso kwa mikono yote miwili, uso uliolowa, wenye ndevu zilizochongwa vibaya. Paji la uso la mmoja likagusana na la mwingine. Akamjibu kwa sauti ndogo sana, ya kwao wawili.

"Semeni kwa sauti huko!" Bi Mkubwa alipaza sauti kutoka nyuma yao. "Masikio yangu yamejaa maji!"

"Ndiyo, Mama!" Nahodha alisema kwa nguvu. "Nimesema ndiyo!"

Yule mzee asiyeona akaanza kupiga makofi, mkewe akafuata, na bwawa zima likapokea.

"Bado sijasikia!" alisema Bi Mkubwa, akielea chali, macho ameyafumba, akitabasamu.

Alikuwa amesikia tangu mara ya kwanza.